Toleo la Tisa la Binti Nkuba

Kasulu,
17 Machi 2014

Mwalimu Godson,

Simu zako nimeziona, kumi na moja. Sijapokea na sitapokea. Maneno ya simu yanapotea hewani, halafu kesho mtu anaapa hakusema. Andika kama ninavyoandika mimi, na bahasha umpe kondakta wa basi la Kibondo, kama tunavyopelekeana kurasa siku zote.

Nyumba ya Bi Theodosia imebomolewa. Ijumaa, mchana kweupe, watu wametoka kusali na wengine wametoka shamba. Unamjua Theodosia. Umefundisha Kinyarusaka miaka minne na nyumba yake iko chini ya uwanja wa shule yenu, maji ya kunywa mlikuwa mnachota kwake. Wameng'oa bati, wamesukuma ukuta, wamekata mparachichi wake. Yeye alipitia mlango wa nyuma akajificha kwenye mihogo mpaka jioni, mama wa miaka sabini na kitu.

Na unajua walikuja na nini mkononi? Toleo la tisa. Katuni yetu! Nakala niliyotoa mimi kwenye mashine ya fotokopi ya mjomba, nikaikunja mimi, nikaipiga pini mimi. Walikuwa wanafungua ukurasa wa kumi na nne wanaonyeshana: si huyu hapa, si ndiyo nyumba hii?

Aliyetangulia mbele ni mama yangu. Rabia binti Omary, mwanamke ambaye hajawahi kumpiga kuku. Kusoma hajui vizuri, lakini picha anasoma.

Tulikubaliana nini mimi na wewe? Shadia, mdogo wangu, alipigwa na radi Novemba 2012, ana miaka kumi na miwili. Ukaja msibani na wanafunzi wenzake, ukanikuta nachora uso wake nyuma ya daftari la duka, ukaniambia, dada Zuhra, tumwinue kwenye karatasi. Nikakuona malaika. Wewe maneno, mimi picha. Kwenye katuni radi inampiga na hafi. Anainuka, ukosi wa sare umeungua, na radi imebaki kiganjani mwake. Tukamwita Binti Nkuba, kwa kuwa radi kwa Kiha chetu ni nkuba. Matoleo manane anaruka juu ya Malagarasi, anakamata wezi wa ng'ombe, anawasha taa hospitali umeme ukikatika. Watoto toka Kitanga mpaka kwenu Kibondo wanajifunga kanga mabegani wanaruka kwenye vichuguu.

Halafu ukaleta Dunia ya Pili. Ukasema katuni kubwa zote zina toleo kama hilo, linalouliza ingekuwaje kama mambo yangekwenda vingine. Ingekuwaje kama Nkuba angekufa? Kama radi ile ingekuwa imetumwa na kikongwe mwenye chungu cheusi? Nilikuuliza, Mwalimu, hili halina hatari huku kwetu? Ukacheka. Ukasema ni dunia nyingine, watoto wanaelewa.

Watoto wameelewa, Mwalimu. Waliobeba mashoka ni baba zao.

Nataka toleo la kumi liseme waziwazi kwamba radi haikutumwa na mtu. Nataka Theodosia arudi kwake. Basi.

Zuhra


Kibondo,
24 Machi 2014

Dada Zuhra,

Salaam. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa masikitiko makubwa. Nakupa pole, na pole zangu zimfikie pia mama huyo.

Pamoja na hayo, naomba tuweke mambo sawa. Hadithi ni hadithi. Mtu mwenye akili timamu habomoi nyumba kwa sababu ya katuni. Watu wa kule walikuwa wakimsema yule mama kabla hata mimi sijapangiwa Kigoma. Walisema siku ya radi alisikika akipiga kelele uwanjani. Mimi sikuwepo siku ile, unajua, nilikuwa huko Kasulu nafuatilia mshahara, lakini niliyasikia hayo kwa kila mtu.

Na tuseme ukweli wote. Mimi niliandika "kikongwe". Nani alimchora na jicho moja jeupe? Nani alimvika blanketi na kulifunga bega la kushoto? Hiyo ni kalamu yako, dada yangu, siyo yangu.

Nimeambatanisha maneno ya toleo la kumi. Utaona kwamba Nkuba anaamka, anatambua Dunia ya Pili ilikuwa kosa la wakati, anaifunga kama mtu anavyofunga mlango. Ukurasa wa mwisho nimeandika: "Na kila kitu kikarudi kilivyokuwa." Ndivyo wanavyofanya wote. Likitoka hili, watasahau.

Nakuomba pia usiongee ovyo. Mimi sasa ni mwalimu mkuu msaidizi, nina jina la kulinda.

Wako katika kazi,
Mwl. Godson


Kasulu,
12 Mei 2014

Godson,

Nimekaa wiki saba sijakuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu natoboa karatasi.

Ndiyo, jicho ni langu. Blanketi ni langu. Nilikuwa natafuta sura ya bibi kizee na sura ya bibi kizee ninayoijua ni ile, alikuwa anatupa parachichi mimi na Shadia tukipita. Niliichora kwa sababu naipenda. Huo ujinga nimeubeba, sikutupii wewe. Lakini nani aliandika "nyumba yenye mparachichi mlangoni, chini ya uwanja"? Ziko ngapi Kinyarusaka, nyumba za hivyo? Mkuki kwa nguruwe, Mwalimu. Jina lako lilindwe, la Theodosia liburutwe matopeni!

Toleo la kumi nimelichora, nimelitoa, nimelipeleka Kinyarusaka mwenyewe. Nilifanya ulivyosema, kila kitu kikarudi kilivyokuwa. Nikawasomea watu dukani kwa mama. Unajua walisema nini? Walisema hili la kumi ndilo la uongo. Walisema Zuhra ametishwa, ndiyo maana anajifanya kufuta. Nilipanda uwanjani kutazama chini. Kwenye karatasi kila kitu kimerudi, na pale chini yamebaki matofali na kisiki cha mparachichi. Nikalia kwa hasira mpaka pua ikatoka damu.

Theodosia yuko kwangu. Analala chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, kati ya marimu ya karatasi. Mama amesikia, ametuma mtu kuniambia, "Umemlaza muuaji wa mdogo wako kwenye kitanda cha mdogo wako." Hanipigii tena. Mjomba Nurudini ananivumilia tu.

Sasa nisikilize vizuri. Juzi nilimwekea Theodosia toleo la kwanza mbele, lile la uwanjani. Akatazama sana. Akasema, umekosea, majani hujachora. Nikamwambia majani gani? Akasema siku ile kulikuwa na watoto saba wanafyeka. Wenzao wameshatoka, wao wamebakizwa na mafyekeo kwa sababu asubuhi walichelewa. Wingu lilipokuwa jeusi yeye alitoka mlangoni akapiga kelele, njooni ndani, njooni kwangu! Hizo ndizo kelele zako, Godson. Alikuwa anaita watoto! Wakaanza kukimbilia kwake. Filimbi ikalia kutoka barazani, wakarudi kwenye majani. Halafu radi.

Sisi msibani tuliambiwa radi iliwakuta wakivuka uwanja kwenda nyumbani. Mwaka na nusu, na huyu mama ambaye mlango wake unatazama uwanja hakuna mtu aliyemuuliza ameona nini. Hata mimi sikumuuliza.

Macho yake hayaoni mbali, hakumtambua mwenye filimbi. Wewe ulifundisha pale. Mwalimu wa zamu wiki ile alikuwa nani? Kila shule ina kitabu cha zamu. Nitajie jina lake nilale.

Zuhra


Kibondo,
2 Juni 2014

Zuhra,

Nina mitihani ya muhula, nina wageni wa ukaguzi, sina nafasi ya maneno ya bibi kizee asiyeona. Naona ni vyema tuiache hiyo katuni kabisa.

Unatafuta wa kumlaumu. Kabla ya kuulizia kitabu cha zamu, jiulize mtoto alichelewa kwa nini. Jumapili ile alikuwa kwa nani? Mtoto anaingia getini saa tatu asubuhi, siku ya Jumatatu, vidole vyote vina rangi, anachekacheka. Adhabu ya wachelewaji haikutungwa na mtu mmoja, ni utaratibu wa shule zote. Nyani haoni kundule.

Usiniandikie tena.

Godson


Kasulu,
9 Juni 2014

Godson,

Vidole vyote vina rangi.

Nimesoma hapo nikasimama. Nikamwita Theodosia nikamsomea, akashika mdomo.

Si ulikuwa Kasulu? Si ulikuwa unafuatilia mshahara? Uliniambia msibani, ukaniambia tena Machi kwa mwandiko wako, barua ninayo. Sasa uliziona wapi rangi za Shadia? Zile rangi nilimpa mimi Jumapili, tulikuwa tunapaka sanduku la vitabu vyake, bluu na nyekundu. Tulichelewa kumaliza, gari la jioni likatuacha, nikasema lala, utaondoka na la asubuhi. Alfajiri nilimpandisha gari rangi haijatoka kwenye kucha. Sijamwambia mtu yeyote. Hata mama hajui, nilimwambia gari liliharibika. Anayejua habari ya rangi ni mimi, ni Mungu, na ni mtu aliyesimama getini siku ile akiandika majina ya wachelewaji.

Ulidhani utanichoma na hilo la Jumapili. Nimechomeka zamani! Hakuna siku sijalala nalo. Lakini mimi nilimchelewesha mtoto, wewe ulimpulizia filimbi arudi kwenye radi. Halafu ukaja msibani! Ukala wali wetu! Ukaniangalia usoni ukasema tumwinue kwenye karatasi! Mimi nikakuona malaika, lo, macho yangu haya!

Sasa naijua Dunia ya Pili. Ulitaka dunia ambayo siyo wewe. Ukatafuta mtu wa kumvika, asiye na mume wala mtoto karibu, mwenye jicho moja, ukamvika. Na mimi nikakuchorea bure.

Koma kabisa kuniambia nisiandike. Ndani ya bahasha hii kuna kurasa nane. Nimechora siku tatu. Geti saa tatu. Watoto saba na mafyekeo. Wingu. Theodosia mlangoni, mikono juu. Watoto wanamkimbilia. Baraza. Mwalimu na filimbi mdomoni, na uso nimeuchora, wako, nimeupatia mpaka kovu la kidevu. Radi nimeichora ukurasa mzima.

Viduara vya maneno vyote ni vitupu. Vijaze wewe. Wewe ndiye mwenye maneno siku zote. Ningeweza kujaza mimi, lakini wakisoma mkono wangu watasema Zuhra ametishwa. Mwandiko wako wanaujua. Umeandika ripoti za watoto wao miaka minne.

Mpaka zirudi, huyu mama analala kwenye marimu ya karatasi. Kila asubuhi anaamka anafunga blanketi lake, anakaa akitazama mlango. Hapa sokoni wanaotoka Kinyarusaka wakipita hawamsalimu, hawamwambii hata mwakeye. Wewe ni mtu wa kuja, huenda hujui uzito wake. Sisi Waha tunapiga makofi, tunashikana, tunaulizana ya nyumba na ya ng'ombe mpaka mgeni anachoka. Kumpita mtu kimya bila mwakeye ni kumzika akiwa anakutazama.

Jaza.

Zuhra


Kibondo,
2 Februari 2015

Zuhra,

Miezi minane. Najua.

Mwezi wa kwanza nilikuchukia. Nilitaka kuzichoma kurasa zako, nikazipeleka mpaka jikoni, mke wangu Mwatumu akaniuliza unachoma nini. Nikazirudisha kabatini. Kila mvua ikinyesha hapa shuleni najikuta barazani nahesabu watoto. Walimu wenzangu wanacheka, wanasema msaidizi anaogopa mvua. Filimbi sijashika tena.

Nilikuwa mwalimu wa zamu. Niliwaandika saba. Shadia alikuwa wa mwisho, akaniambia, Mwalimu, ukiona sanduku langu jipya utanisamehe. Nikamwambia fyekeo kwanza.

Nilipuliza filimbi kwa sababu walikuwa wamebakiza mstari mmoja. Nisingekuongopea sasa, hakuna sababu nyingine. Mstari mmoja wa majani, hata hatua ishirini haufiki, nami nilikuwa nimeudhika kwamba wanakimbilia kwa yule mama bila ruhusa yangu. Sita walirudi nyumbani kwao.

Jioni ile mkubwa wangu wa wakati huo alisema, tuseme walikuwa njiani. Akafunga kitabu cha zamu. Mimi nikasema sawa. Nilivyokuja msibani nilikuja kukuambia, nakuapia, nilikuwa nimejipanga, nikakukuta unachora, nikaona kuna njia nyingine ya kulipa. Matoleo manane niliyaandika kwa moyo. Kila Nkuba alipoinuka nililala usingizi mzuri. Halafu wazazi wakaanza tena kuuliza zamu ilikuwa ya nani, nikaogopa, nikaandika la tisa. Nilijua ni mlango wa nani nilioandika. Ulipouliza kama kuna hatari nilicheka kwa sababu nilikuwa najua jibu.

Viduara vyote nimejaza. Kile cha baraza, chenye filimbi, nimeandika nilichosema baada ya kuipuliza. Nilisema, "Rudini, radi haimli mtu." Jina langu nimeliandika mwenyewe chini ya ukurasa wa saba, jina na zamu na tarehe. Nakala nimepeleka kwa wakubwa wangu wa elimu. Wakinitoa, wanitoe.

Nilitaka mara tatu kupunguza kovu la kidevu, nikashika kifutio, nikakiweka. Kaa nalo.

Kuja siwezi. Nisamehe hilo angalau.

Godson


Kasulu,
20 Aprili 2015

Godson,

Sikusamehe hilo wala jingine. Ila zimefika, na umejaza, na hutasikia nikisema hukujaza.

Nimetoa nakala mia mbili. La kumi na moja, la mwisho. Jalada halina radi, lina fyekeo tu limelala kwenye majani. Nililipeleka Kinyarusaka siku ya soko. Sikusoma mimi. Alisoma baba wa mmoja wa wale sita, Kipriani, unamkumbuka, yule aliyeshika shoka siku ile. Alikuwa anasoma kwa sauti kubwa, akafika "Rudini, radi haimli mtu" akampa mwanawe amalizie. Yule kijana akasema, "Ni kweli, baba. Alipuliza." Miaka miwili na nusu mtoto anajua, na hakuna aliyemuuliza! Watu wazima sisi, Mungu atatuuliza.

Mama alichukua nakala akaingia ndani. Alikaa na ukurasa wa Shadia getini, ule wa vidole. Nilimweleza habari ya Jumapili, yote, gari na rangi. Alinipiga kofi. Halafu akanishika kichwa akaniweka kifuani.

Nyumba wamejenga watu walewale waliobomoa. Bati wamerudisha, moja lina tundu. Mparachichi hawakuweza kurudisha. Theodosia amerudi kwake mwezi wa tatu.

Sasa nakuambia hili ulijue, kwa sababu wewe ndiye uliyeandika kila kitu kikarudi kilivyokuwa. Wamesoma la kumi na moja, wamelia, wamejenga, na bado watoto wakipita pale wanakimbia. La tisa bado linazunguka, nimeliona Nyakitonto limeshonwa upya na uzi. Nimenunua nakala nikachana, kesho yake nikaona nyingine. Na wingu likiwa jeusi, Godson, kijiji kizima, pamoja na waliojua ukweli, pamoja na Kipriani, wanageuza shingo kutazama mlango wake. Hawataki, lakini shingo zinageuka. Naye anajua, anakaa pale kwenye kigoda anatazamwa.

Mama alikuwa anakwenda kila asubuhi kumwamkia. Anapiga makofi, anainama, mwakeye. Theodosia anamtazama tu, hajibu. Siku ishirini na sita. Mimi nilimwambia mama aache, anajidhalilisha. Akasema, nyamaza, hukuling'oa wewe lile bati.

Juzi mvua ilikuja na radi, ile ya kupasua masikio. Nilikuwa dukani kwa mama. Watu wamejibanza barazani, shingo zimeanza kugeuka. Mama akachukua kigoda chetu, akajitwika kichwani, akashuka uwanjani kwenye mvua. Nilipiga kelele arudi, hakurudi. Akakiweka mlangoni kwa Theodosia, akakaa ubavuni pake, akatutazama sisi. Wanaotaka kutazama mwenye radi wakaona wanawake wawili wamelowa.

Walikaa mpaka ikakatika. Theodosia bado hakumjibu mwakeye. Alisogeza kidogo blanketi lake, likamfika mama begani.

Mvua hizi zinaisha, na Oktoba zitaanza tena, na shingo zitageuka tena. Mama anasema atakwenda kila mara mpaka afe. Amezeeka, wala hakupuliza filimbi.

Umesema kuja huwezi. Unaweza. Basi ni la saa sita, na kijiji unakijua. Ukija, usije na maneno, tumeyasoma. Njoo na kigoda chako.

Zuhra